Bilioni Zilizovimba Njiani Kwenda Madrid

Wanaonipa kazi ya kutafsiri taarifa za fedha kutoka Kiingereza kwenda Kihispania hudhani kwamba taabu iko kwenye maneno mazito kama mizania na dhamana, kumbe tarakimu ndizo zenye vituko. Kwa Wahispania, "billón" ni milioni mara milioni, yaani trilioni yetu. Bilioni yetu wao huiita "mil millones", elfu ya milioni. Waingereza nao walikuwa na hesabu hiyohiyo hadi mwaka 1974, serikali yao ilipoamua kuwafuata Wamarekani.

Sasa mweleze hayo mkurugenzi wa kampuni moja ya kuuza parachichi nje, mwenye ofisi Eneo la Viwanda hapa Nairobi, aliyetaka wanunuzi wa Madrid wamtangulizie euro 40,000 akarabati chumba cha baridi. Taarifa yake ilijigamba kwamba tangu kampuni ianzishwe imeuza mali ya shilingi bilioni 6. Alipoona "seis mil millones" alivua miwani.

"Mwalimu, hii elfu imetoka wapi? Unataka wanione muuza sukuma wiki?"

Nilieleza. Nilimpa hata "millardo", neno moja lenye maana ya bilioni yetu, ambalo Akademia ya Kifalme ya Uhispania, wasimamizi wa lugha yao, ililikubali mwaka 1995 kwa ombi la Rais Rafael Caldera wa Venezuela, naye akasema hilo ni jina la dawa ya minyoo. Nilipotoka tu, karani akaagizwa "kurekebisha", na taarifa ikaenda Madrid ikiwa na "seis billones".

Siku ya kikao cha video, Wahispania walijitokeza watano badala ya mmoja, wote wamefunga tai, na mkubwa wao akaanza kwa kuisifu kampuni ambayo mauzo yake yanaishinda bajeti ya mwaka mzima ya serikali ya Kenya. Nilimwambia Mzee kwamba anapongezwa. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ndipo mhasibu wao alipouliza, kwa adabu mno, ni vipi tajiri wa kiasi hicho akose euro 40,000 za kutengeneza friji.

Hilo nilimtafsiria Mzee lote. Karani akaanza kuisoma kalenda ya ukutani.

Mzee alikohoa. "Waambie hata matajiri hukopa."

Nikawaambia. Mhasibu akanong'onezana na mkubwa wake, kisha akauliza iwapo sisi tungekuwa tayari kuwakopesha wao.