Kiuno Kitulie, Miguu Itembee

"Mama, hebu niachie mimi nikupeleke."

Mwalimu wetu wa dansi, kijana ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia hivyo Jumanne ya pili na darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila moyoni nilikuwa nimefura. Mimi mzaliwa wa Mombasa, niliyekulia kwenye chakacha za maharusi, leo nina miaka 46 nije Nairobi kufundishwa kucheza?

Basi nilifundishwa, tena nikaanzishwa na kutembea. Kwenye walzi, dansi ya Kizungu ya mapigo matatu, mwanamume huanza kwa kwenda mbele na mguu wa kushoto, mwanamke hurudi nyuma na wa kulia. Pigo la pili mnakwenda kando, la tatu mnakutanisha miguu, kisha mnageuza mambo: yeye nyuma, wewe mbele, mpaka mmechora kisanduku sakafuni. Ukisimuliwa unaona ni kazi ya dakika tano. Jaribu basi kwenda kinyumenyume mbele za watu, umeshikwa na mtu usiyemjua, na kutazama chini umekatazwa. Mguu unyooshwe tangu nyongani, ncha ya vidole itangulie kugusa sakafu, uzito uubakize mpaka mwenzako aje. Mimi nilikuwa naondoka kabla hajaja. Ndiyo maana akaniomba nimwachie.

Sikio halikunisumbua. Chakacha inakwenda kwa mapigo sita, matatu matatu, kwa hiyo ile moja-mbili-tatu niliitambua mara moja, ingawa imevaa suti. Balaa lilikuwa kiuno. Kwetu kiuno ndicho kinachocheza, miguu inasindikiza tu. Huku kiuno kinatakiwa kitulie kama kimebeba mtungi. Wiki tatu nzima nilikuwa nasikia "kiuno, mama, kiuno" hadi usingizini.

Hili ndilo darasa langu la pili. La kwanza lilitupitisha kwenye walzi, cha-cha-cha, rumba na jive ndani ya wiki nne, na mwisho wa mwezi nilikuwa najua majina ya mitindo, hakuna hata mmoja nilioweza kuucheza wimbo mzima. Kwa hiyo mtu mzima akiniuliza aanzie wapi, namwambia achague dansi moja akae nayo miezi mitatu. Walzi inafaa kwa sababu haina haraka: hata ile ya mashindano ni mapigo 84 hadi 90 kwa dakika, na ya darasani huwa ya polepole zaidi. Rumba wengi wetu huikimbilia wakidhani tunaijua. Tunaye bwana mmoja aliyekulia kwenye rumba ya Kongo, nyimbo za mwanamuziki Franco; alipoambiwa rumba ya ukumbini hatua huanza kwenye pigo la pili, alisimama kama aliyeibiwa. Zote mbili zina asili Cuba, lakini kila moja imelelewa nyumba yake.

Viatu, usinunue vya bei mwezi wa kwanza. Epuka raba tu. Soli ya mpira hung'ang'ania sakafu huku mwili unageuka, na goti ndilo linalolipa. Soli ya ngozi inatosha.

Na jingine najua litawaudhi baadhi yenu: ukienda na mumeo, kubalini kubadilishana wenzi. Tuna mke na mume darasani waliokataa kuachana, na sasa kila mmoja amezoea kosa la mwenziwe; akikosea bwana, bibi anamfuata huko huko. Ukishikwa na watu watano kwa jioni moja, unajifunza kusikiliza mkono.

Najua mnachoogopa, maana hata mamangu aliniuliza. Alikuja kunitembelea akanikuta jikoni na soksi, nazunguka kwenye vigae nikingoja wali ukauke.

"Na huko mnashikana vipi?"

Nikamwonyesha. Mkono wa kushoto wa mwanamume, mkono wangu wa kulia, viwiko juu, na katikati nafasi ya adabu. Nilitarajia hotuba. Badala yake akasema, "Kumbe ni dansi."

Nilikuwa nimesahau neno hilo limetoka wapi. Miaka ya 1930 Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na vilabu ambako Waafrika walicheza walzi na foksitroti wamevaa suti na gauni, na mchezo huo ukaitwa dansi ili usichanganywe na ngoma. Babu yangu alikuja kuwa mmoja wao baadaye. Mamangu alikuwa akimchungulia mlangoni akijizoesha na kiti, Jumamosi mchana, kabla ya kwenda.

Akaweka mwiko chini, akaja akanisukuma kiwiko juu kama inchi mbili.

"Babangu hakuwa akiuangusha hivyo," akasema. "Haya, rudia."