Sikwenda kuiba bata

Kabla hamjaendelea kunitumia picha za sahani za pilau, nisikilizeni na mimi. Mwenzangu wa chumbani kawaambia nimefumaniwa Bharatpur nikikamata bata wa watu. Mwongo! Ukweli wenyewe una aibu zaidi.

Mlioko huku India mnaijua Keoladeo, ile hifadhi ya ndege ya Bharatpur, kati ya Agra na Jaipur. Jumamosi tumekodi baiskeli ya matairi matatu, dereva akatupitisha kwenye jiwe lenye hesabu za mawindo ya wakubwa enzi zile: mwaka 1938, siku moja tu, ndege 4,273. Roho ikaniuma. Nadhani huruma ilinianzia hapo.

Mbele kidogo, majini, namwona bata. Yaani naona nusu ya bata. Mkia juu, kichwa hakuna. Nikahesabu mpaka saba. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu hatapatapi tena!

"Bata anazama!"

(Ndiyo. Bata. Anazama. Na mimi ni mtoto wa Mwanza, haya chekeni.)

Nikaruka. Mguu wa kulia ukazama topeni mpaka gotini, wa kushoto ukatafuta pa kukanyaga ukakosa, nikaenda kifudifudi, polepole, kama mnazi unaokatwa. Nikainua uso, majani mdomoni. Naye ndipo akainua wake, majani mdomoni. Tukatazamana. Mdomo mweusi, ncha ya njano kama kauchovya kwenye kopo la rangi, na vidoa viwili vyekundu pale unapoanzia, kajipodoa kama anakwenda harusini. Kumbe alikuwa anakula! Ndivyo wanavyokula hawa, kichwa chini, makalio juu. Akanikagua, akatoa "kwaa" moja ya dharau, akaruka zake. Bwawa zima likaruka naye.

Nyuma yangu walikuwepo wazee watatu na makamera marefu kama mabomba, wamenyamaza pale tangu alfajiri. Hawakunitukana. Walizishusha kamera zao tu, mmoja baada ya mwingine. Heri wangenitukana.

Askari wa hifadhi kaja, nimeomba radhi, nimerudi hosteli nimekalia gazeti. Basi.

Na hilo la pilau, wallahi sikuliwaza. Ila alipopaa juu yangu niliona alivyonona, nikasema neno moja tu. Nilidhani namwambia rafiki.