Gofu ya likizo kisiwani: pesa ya korosho isubiri Juni

Ukikaa na wacheza gofu wa Mtwara, wale waliohamia na kazi za gesi na saruji pamoja na wenyeji walioambukizwa na wao, utaona mipango ya likizo huanzia mkiani. Kwanza linatajwa jina la uwanja, halafu bingwa aliyeuchora, halafu picha ya shimo lililozungukwa na bahari. Mke, watoto na mama mkwe wanaingizwa mwishoni, kama mizigo. Kwa maoni yetu hapo ndipo safari inapoharibikia, maana familia ikishaichukia gofu mara moja, fimbo hazitoki tena stoo.

Hapa Kusini mcheza gofu lazima asafiri, hilo halina ubishi. Lakini ana faida moja ambayo mgeni wa kutoka Ulaya hana: anaujua upepo na anayajua maji. Kusi ikianza, mtu wa Mikindani haambiwi mashua ielekee wapi. Ujuzi huohuo ndio unaofaa kuchagulia uwanja, na unafaa kuliko jina la aliyeuchora.

Tuanze na wakati. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na ikifika Desemba pesa ya malipo na likizo ya shule zimegongana. Kishawishi ni kikubwa. Tunasema subiri. Kuelekea Krismasi hoteli za visiwani huwa kwenye bei zake za juu. Mauritius nayo inakuwa ndani ya msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba hadi Aprili au Mei, na watu waliokesha Aprili 2019 wakikisikilizia Kimbunga Kenneth kabla hakijaingia Msumbiji hawahitaji maelezo marefu. Shelisheli iko karibu na ikweta, hivyo vimbunga huipita pembeni, ila Desemba na Januari ndiyo miezi yake ya mvua kubwa. Juni shule zimefungwa, hewa imepoa, mvua zimepungua. Kinachobaki ni kusi, na kusi inakwepeka ukijua upande wa kukaa.

Kusi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo pwani ya mashariki ya kisiwa chochote cha bahari yetu inaipokea kifuani, na pwani ya magharibi inaipata ikiwa imeshachoka kupita juu ya miti na vilima. Mauritius ndiko tofauti hii inakoonekana wazi zaidi. Viwanja vingi vyenye majina makubwa viko mashariki: Belle Mare, Anahita uliochorwa na Ernie Els, na Ile aux Cerfs wa Bernhard Langer ambao ni kisiwa chake peke yake. Juni hadi Agosti huko kunavuma kutwa. Tamarina uko magharibi, upande mkavu wa kisiwa, na kwa likizo ya Juni sisi tungeanzia huko bila kufikiri mara mbili. Vacoas, penye uwanja wa klabu kongwe iliyoanzishwa na wanajeshi wa Uingereza, ni uwanda wa juu katikati ya kisiwa. Huko ubebe koti la mvua hata kama pwani jua linawaka.

Upepo unakula mita ngapi? Kanuni ya mkononi ni hii: kila kilomita 16 kwa saa za upepo wa usoni huongeza kama asilimia 10 ya umbali. Mkwaju wa mita 140 unaupiga kama wa mita 154. Upepo huohuo ukiwa mgongoni unakurudishia nusu tu, mita 7 hivi. Ndiyo sababu uwanja unaokwenda na kurudi kwenye upepo hauishii kuwa sare. Unachonyang'anywa ukienda hulipwi chote ukirudi. Kosa la wengi ni kujibu kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapaa, kusi inauning'iniza hewani, kisha unadondoka karibu na ulikotoka kuliko ulikokusudia. Chukua fimbo ndefu zaidi kwa namba mbili, yaani mahali pa namba 7 shika namba 5, teremsha mikono inchi moja kwenye mpini, na upige kwa robo tatu ya nguvu zako. Mpira utakwenda chini, na upepo hautaupata vizuri.

Sasa suala la mashimo 9 au 18, ambalo kwetu ndilo zito. Watu wanne wakicheza mashimo 18 hutumia saa nne hadi nne na nusu. Ongeza kujinyoosha, kupiga mipira ya mazoezi, usafiri wa kwenda na kurudi, na ile soda ya mwisho ambayo haijawahi kuwa moja. Umeondoka asubuhi, unarudi saa nane mchana, siku ya familia imekwisha. Mashimo 9 ni saa mbili na kidogo. Ukianza saa moja asubuhi, unaweza kuwa mezani na watoto kabla hawajamaliza chapati. Mtu akituuliza aanzie wapi na familia, tunamwambia Unguja: hoteli ya Sea Cliff pale Mangapwani ina uwanja wa mashimo 9, uko magharibi ambako kusi inafika kutoka upande wa nchi kavu, na pango la Mangapwani liko jirani kwa wale wasiojua hata fimbo inashikwaje. Wapo watakaocheka kwamba mashimo 9 si gofu kamili. Wacheke, mara nyingi ndio hao wanaokwenda peke yao.

Kisiwa kingine ambacho watu husahau kwamba ni kisiwa ni Mombasa. Klabu ya gofu ya mjini, ile iliyo juu ya miamba upande wa bahari, nayo ni ya mashimo 9 na inatembeleka kwa miguu. Watoto wakienda Fort Jesus na mama yao, mnakutana kwa chakula cha mchana. Ukitaka mashimo 18 vuka daraja uende Nyali. Pale kisiwani tahadhari ni moja tu: Juni kusi inatoka baharini, kwa hiyo bahari ikiwa upande wako usilenge majini ukitegemea upepo ukurudishie mpira. Siku utakayoutegemea ndiyo siku utakapotulia.

Kuhusu maji. Mvuvi wa Msangamkuu atakwambia bila kutazama simu kwamba mwezi mpevu au mwezi mwandamo ni bamvua, yaani siku za maji makubwa, na wakati wa bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri na kukupwa kama saa nne asubuhi. Unguja ni vivyo hivyo. Pwani ya Paje na Jambiani bahari ikikupwa inakwenda mbali sana, mtoto anabaki na matope tu. Basi siku za bamvua gofu ichezwe asubuhi, wakati maji yanatoka, na mchana mrudi kuogelea yanapojaa. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, maji mafu yakifika, yaani siku bahari haijai wala kukupwa sana, mambo yamegeuka: bahari inajaa asubuhi, na gofu ihamie saa tisa alasiri. Ukipanga siku zako za uwanja kwa kalenda ya mwezi, hakuna atakayelalamika kwamba umemwacha pwani kavu. Kendwa na Nungwi bahari haikimbii mbali hivyo, kwa hiyo huko una uhuru zaidi. Mauritius kupwa na kujaa ni kitu kidogo mno, sahau habari hiyo. Huko linalokubana ni jua. Juni linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo anayeanza mashimo 18 saa nane mchana atamalizia kwa tochi.

Shelisheli tunaiweka kwenye fungu la watu wenye magoti mazima. Uwanja wa Lemuria, kisiwani Praslin, ni wa mashimo 18, na mashimo ya mwisho yanapanda mlima. Shimo la 15 linatazama ufuko wa Anse Georgette kutoka juu, na kwa uzuri wa macho hatujui la kulinganisha nalo. Lakini hesabu safari: Mtwara hadi Dar, Dar hadi Mahé kwa kubadili ndege njiani, kisha boti au ndege ndogo hadi Praslin. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, siku nzima imeliwa kabla hujagusa fimbo. Uliza pia mapema kuhusu cheti cha homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Tanzania, kwa Shelisheli na kwa Mauritius. Usisubiri kuulizwa kaunta.

Ukishachagua kisiwa, chagua urefu. Kila uwanja una tii, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza wa kila shimo, za rangi tofauti, na wanaume wa kwetu wana ugonjwa wa kwenda za nyuma. Kuna hesabu rahisi: chukua umbali wako wa kweli wa fimbo namba 5, si ule wa siku uliyopiga vizuri, uzidishe kwa 36. Anayepiga mita 130 anapata mita 4,680. Huo ndio urefu wa mashimo 18 unaomfaa. Kwa mashimo 9 zidisha kwa 18, upate 2,340. Kadi ya uwanja inaonyesha jumla ya kila rangi, na unaweza kuitazama kabla hujalipa. Ukicheza mita 6,000 ukiwa mtu wa mita 4,700, kila shimo la kawaida linakuwa la mikwaju mitatu kufika kwenye grini (zile nyasi fupi zenye shimo), mnachelewa, wa nyuma wanakunja sura, na mke uliyemshawishi atembee nawe anaapa kutorudi.

Kabla ya kulipa, uliza haya kwa simu au kwa maandishi. Ada ni ya uwanja tu, au na kigari na kedi, yaani mbeba fimbo? Baadhi ya hoteli humpa mgeni wake uwanja bila ada, akilipia kigari peke yake, na hapo hoteli iliyoonekana ghali inageuka kuwa nafuu. Asiyecheza anaruhusiwa kupanda kigari? Mtoto anaanzia umri gani kuingia uwanjani? Kuna sehemu ya kusukumia mipira ambayo mtoto anaweza kuchezea nusu saa bila kulipiwa uwanja mzima? Fimbo za kukodi zipo za mkono wa kushoto na za wanawake? Hili la mwisho huulizwa likiwa limeshachelewa.

Kukodi, kwa safari ya siku moja ya gofu, ni akili. Ukicheza siku tatu au zaidi, beba zako, lakini si lazima zote 14 zinazoruhusiwa na sheria. Saba zinatosha kisiwani: moja ndefu ya mbao, namba 5, 7 na 9, weji mbili (fimbo fupi za kunyanyulia mpira), na ya kusukumia. Begi linakuwa jepesi, na kwenye ndege ya pangaboi ya Mtwara hadi Dar hulipi uzito wa ziada. Mipira beba dazeni kwa kila siku ya Ile aux Cerfs, maana njia ni nyembamba na maji yako kila upande. Nusu dazeni kwa Mangapwani. Tafuta mpira dakika tatu tu. Sheria ya tangu 2019 inasema hivyo, si tano tena.

Nyasi nazo zitakushangaza. Viwanja vingi vya kando ya bahari hupandwa paspalumu, inayovumilia maji ya chumvi. Mpira unakaa juu juu, unapigika vizuri, ila ukianguka kwenye grini unasimama mapema. Kwenye nyasi za bermuda ni hadithi nyingine, kwa sababu majani yake hulala upande mmoja. Inama utazame mdomo wa shimo: upande ambao ukingo umechakaa, wa kahawia na wenye nyuzinyuzi, ndiko nyasi zinakoelekea. Ukisukuma kuelekea huko mpira unateleza. Kinyume chake, unakwama. Ukisimama nyuma ya mpira ukaona grini inang'aa, nyasi zinakwenda mbali nawe. Ikiwa nyeusi, zinakujia.

La kurudi. Juni boti ya Unguja kwenda Dar inakwenda kinyume na kusi, kwa hiyo kurudi hutikisa kuliko kwenda. Kaeni sitaha ya chini upande wa nyuma, dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla ya kuondoka, na tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Begi la fimbo litalala chini ya masanduku ya watu, hivyo vua vichwa vinavyofunguka, vingine vifungeni kwa doti ya khanga na kamba ya katani. Mama watoto akubali kwanza ni khanga ipi.