Msalaba na Daftari la Hesabu: Dola ya Ureno Ilikuwa ya Zama Zipi?

Vitabu vya shule huikata historia ya Ulaya kwa mwaka mmoja. Wengine huchagua 1453, Waturuki walipoiteka Konstantinopoli. Wengine 1492, Kolombo alipovuka Atlantiki. Upande mmoja wa mwaka huo ni Zama za Kati, zenye makabaila, watawa na Vita vya Msalaba. Upande wa pili ni zama za kisasa, zenye mabaharia, mabenki na serikali zenye nguvu. Mkato huo ninaupima hapa kwa dola moja, Ureno, iliyotangulia wenzake wa Ulaya kufika Bahari ya Hindi kwa kuizunguka Afrika, na ambayo pwani yetu iliionja mapema.

Wanaosema Ureno ilifungua zama mpya wana hoja nzito. Bartolomeu Dias alizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488, na Vasco da Gama akafika Malindi na kisha Calicut mwaka 1498. Manahodha wao walijifunza kujua walipo kwa kupima kimo cha jua, maana kusini ya ikweta nyota ya kaskazini haionekani. Lisbon kulikuwa na ofisi ya mfalme, Casa da Índia, iliyosimamia safari, mizigo na hesabu za biashara ya mashariki, na pilipili manga nyingi ikauzwa Antwerp. Afonso de Albuquerque aliteka Goa 1510, Malaka 1511 na Hormuz 1515, bandari zilizoshika njia za biashara, bila haja ya kumiliki nchi kubwa nyuma yake. Halafu kulikuwa na cartaz, kibali ambacho nahodha wa Kigujarati au wa Kiswahili alitakiwa kukinunua, la sivyo jahazi na shehena vingechukuliwa. Dola ya namna hii, iliyosimama juu ya maji, mizinga na makaratasi, si rahisi kuiita ya kikabaila.

Lakini tazama safari hizi zilianzia wapi. Mwaka 1415 Wareno waliteka Ceuta, mji wa Waislamu kaskazini mwa Afrika, na waliiona kazi hiyo kuwa vita vya dini. Mwanamfalme Henrique, aliyegharimia safari za kushuka pwani ya magharibi ya Afrika, alikuwa msimamizi wa Shirika la Kristo, shirika la watawa wapiganaji lililoundwa mwaka 1319 na kurithi mali ya wapiganaji wa Hekalu, shirika la Vita vya Msalaba lililokuwa limevunjwa, nchini Ureno. Mapato ya shirika hilo yaliingia katika safari, na msalaba wake ukachorwa kwenye matanga. Mwaka 1455 Papa Nikolasi wa Tano alithibitisha haki ya Wareno kuwashinda wasio Wakristo na kuwatia utumwani. Watu wa da Gama walipoulizwa Calicut wametafuta nini mbali hivyo, jibu lilikuwa Wakristo na viungo. Waliamini yuko mfalme Mkristo, Padri Yohane, ambaye wangeungana naye kuwabana Waislamu kutoka nyuma.

Hata yale yanayoonekana mapya yana mizizi ya kale. Venice ilikuwa imedai kuimiliki Bahari ya Adria na kutoza meli za wengine karne nyingi kabla ya cartaz. Mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa yalikuwapo Kupro na Krete chini ya Walatini, yaani Wakristo wa Ulaya Magharibi, kabla hayajafika Madeira, São Tomé na Brazil.

Tukio linaloniamulia mengi lilitokea Kilwa, Julai 1505. Msafara wa Francisco de Almeida, aliyetumwa na mfalme kuiongoza dola ya mashariki, ulikuwa na mitaji ya wafanyabiashara wa Ujerumani, familia za mabenki za Fugger na Welser wa Augsburg miongoni mwao. Simulizi inayohusishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa melini, inaeleza kwamba makasisi walishuka wakiwa na misalaba miwili, wakaimba wimbo wa kumsifu Mungu, wakaenda ikuluni, msalaba ukasimikwa na jemadari akasali. Kisha watu wote wakaanza kupora bidhaa na vyakula vya mji. Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alikuwa amekwisha kukimbia. Mwezi uliofuata Mombasa ilichomwa moto. Sala na uporaji vilifanywa na watu wale wale, asubuhi ile ile, na aliyeandika haonyeshi dalili ya kuona mgongano wowote.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba Ulaya iliacha imani ikafuata faida. Katika Ureno ya karne ya 16 imani ndiyo iliyoihalalisha faida, na faida ikalipia vita vya imani. Walakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakidai hakukuwa na badiliko lolote. Hao nao nawapinga, kwa sababu mapya yalikuwapo kweli, na mambo ya kale yaliweza kuyanyonga. Mfalme Manuel aliwalazimisha Wayahudi kubatizwa mwaka 1497. Mahakama ya kidini ikaanzishwa 1536, na wengi wa wazao wao waliokuwa mahodari wa biashara wakahamia Antwerp na baadaye Amsterdam. Katikati ya karne hiyo pilipili ilikuwa imerudi kupitia Bahari ya Shamu hadi Venice, ingawa vibali vya cartaz vilikuwapo.

Badiliko lenyewe naliona kwa Waholanzi. Walipounda Kampuni ya India Mashariki mwaka 1602, hisa zake ziliuzwa kwa wakazi wa kawaida na kubadilishwa mikono Amsterdam, huku kampuni ikipewa ruhusa ya kujenga ngome, kufunga mikataba na kupigana vita. Mwaka 1621 gavana wake, Jan Pieterszoon Coen, aliangamiza watu wa visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, ili kushika biashara ya kungumanga. Wengi waliuawa, wengine wakafa njaa, wengine wakapelekwa utumwani Batavia, Jakarta ya leo. Ni kweli Waholanzi nao walikuwa na wahubiri melini, na vita vyao na Hispania vilikuwa na sura ya dini. Ila pale Banda, Coen hakuhitaji kisingizio cha dini, kama kile cha kuikomboa Yerusalemu. Wenyeji walikuwa wamevunja mkataba wa kuiuzia kampuni peke yake, na kwake hilo lilitosha. Kama mwanafunzi lazima apewe mwaka wa kushika, ningempa 1602 kabla ya 1453 au 1492, kisha nimwombe asome habari za Banda pamoja na habari za soko la hisa, katika somo moja.