Nyuma Kuna Nafasi

Jana jioni Mwenyekiti kanirudishia karatasi zangu za mchezo dukani kwake Kariakoo. Kurasa nne. Wiki tatu nimezisotea usiku kwa tochi ya simu, kwa sababu za umeme wa LUKU ambazo sina haja ya kukusimulia, na yeye juu kabisa kaandika neno moja kwa kalamu nyekundu: IMEZIDI. Hakuna pole na kazi. Hata nukta kaninyima.

Jumamosi huwa tunakutana watu watano kwenye varanda yake, tunacheza Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa mezani ulioanzia Marekani mwaka 1974, watu wazima wenye familia na madeni wanajifanya mashujaa, wanaingia mapangoni kupigana na majoka. Kila mchezaji ana klasi yake: huyu mpiganaji, yule mchawi, mwingine mwizi. Ukifika ngazi ya 3 klasi yako inachipua tawi. Matawi yamejaa kwenye vitabu vyao, lakini ruksa kubuni la kwako, mradi anayeendesha mchezo amekubali. Ndiyo maana tunamwita Mwenyekiti.

Na hilo neno tawi limeshaniponza. Mjumbe wa nyumba kumi alinisikia kwenye simu nikisema "nimeunda tawi jipya, nasubiri baraka za Mwenyekiti." Kesho yake saa moja asubuhi yuko mlangoni, anataka kujua la chama gani na wanachama wako wangapi. Mama watoto naye kuona dadu saba mezani akasema nimerudi kwenye kamari. Sijawahi kuwa kwenye kamari. Lakini eti nimerudi.

Sasa tawi lenyewe. Mimi nacheza klasi ya manju, yule wa nyimbo na maneno, anayewatia wenzake hamasa: anampa mtu dadu moja ya ziada, ya pande 6 mwanzoni, ikifika ngazi ya 5 inakuwa ya pande 8. Mamanju wa vitabuni wanasoma vyuo. Kuna Chuo cha Elimu, kuna Chuo cha Ushujaa. Nikajiuliza, katika mji huu nani anaishi kwa mdomo kuliko wote? Nikaandika: Chuo cha Konda.

Nilikuwa nimempa uwezo mara tatu, katika ngazi za 3, 6 na 14, kama kanuni za manju zinavyotaka. Ngazi ya 3 ukaitwa Nyuma Kuna Nafasi. Kwenye mchezo ule, mraba mmoja wa futi 5 kwa 5 unakaliwa na kiumbe mmoja, basi. Futi 5 kwa 5, mtu mmoja! Ni wazi walioandika kanuni hizi hawajawahi kutoka Kariakoo saa kumi na mbili jioni. Konda wangu anaingiza watatu.

Kosa langu lilikuwa neno moja. Nimeandika "viumbe", nilipaswa kuandika "rafiki zako". Jumamosi tulipolijaribu, mchawi wetu, kijana mmoja mwenye roho mbaya sana, akaniomba niwapange vibwengo kumi na wawili wa adui kwenye miraba minne, kisha akawarushia Mpira wa Moto. Dadu 8 za pande 6, wastani wake 28, na kibwengo ana uhai 7. Hata aliyefanikiwa kukwepa anakula nusu, yaani bado amekufa mara mbili. Pango ambalo Mwenyekiti alilichora mwezi mzima liliisha kabla chai haijapoa. Ndiyo asili ya kalamu nyekundu. Pembeni ya uwezo wangu wa ngazi ya 6 kaandika pia kwamba Chuo cha Elimu wana uwezo kama huo tangu ngazi ya 3. Sawa. Mwizi wa kazi za watu na mimi nimekuwa.

Nikapanda daladala ya Segerea na machungu yangu. Kwa bahati nikapata siti, ya pale karibu na mlango, injini inakuchoma miguu. Nikatoa karatasi ili nizione vizuri hizo dharau. Konda akadai nauli, nikampa noti ya elfu tano. Unajua ukishatoa elfu tano umeingia mkataba. Akaikunja kwa urefu, akaibana kati ya vidole, akasema, "Chenji yako naikumbuka, bosi wangu." Kisha macho yake yakatua kwenye karatasi.

"Chuo cha Konda? Kipo wapi hicho?"

Nikamwambia ni mchezo tu.

"Mchezo?" Akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka, yeye akabaki amening'inia nusu nje, shingo yote ndani, anasoma. Anasoma haraka kuliko Mwenyekiti. Tulipofika Ilala Boma alikuwa ukurasa wa pili.

"Braza, samahani, hii kakuandikia nani? Hapa umesema konda anawabana watu. Konda habani mtu! Ukimbana mtu anakutukana mpaka mama yako. Konda anasema nyuma kuna nafasi, mtu anajibana mwenyewe."

"Hata kama nyuma hakuna?"

"Hasa kama hakuna."

Nikanyamaza. Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, ndiyo dawa ya vibwengo. Kiumbe anatakiwa kwanza atupe dadu ya pande 20 kupima hekima yake, akishinda, hasogei. Wiki tatu sikuiona, na huyu kaiona huku anarudisha wanafunzi wawili chini kwa mguu.

"Na akikataa kusogea?"

"Anayekataa anashuka."

Kufika Buguruni gari lilishajaa, na kikao kilishakuwa cha gari zima. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alitaka kujua huyo konda wa kwenye karatasi ana mke. Mzee mmoja wa suti, anayeonekana ni mtu wa kustaafu kwa shingo upande, akasema manju asiyeimba si manju, wao kwao Umakonde wanajua. Dada mwenye vipokea sauti akavitoa, akauliza joka likipanda litalipa ngapi.

Nikamjibu kwa heshima ya taaluma, kwamba inategemea ukubwa wa joka, kwani joka jekundu lililokomaa linakalia futi 15 kwa 15, sawa na miraba tisa.

"Nauli za watu tisa," konda akakata kesi.

"Na mkia je?" akasema mzee wa suti.

"Mkia ni mzigo, shikamoo mzee. Mzigo nauli yake mbali."

Akageuza ukurasa. "Hapa umesema uwezo wake unatumika mara tatu, halafu mpaka alale masaa manane. Nani analala masaa manane?"

Gari zima likacheka. Kweli, kanuni zinasema mapumziko marefu ni masaa manane, na nilizinakili hivyo bila kufikiri, mimi ambaye jogoo wa jirani anawika saa tisa usiku na kuwa na uhakika kabisa.

"Andika hivi," konda akasema. Na mimi, mtu mwenye diploma, nikatoa kalamu. "Konda anaamka ana deni. Hesabu ya tajiri mwenye gari. Kila anachokipata mwanzo si chake, ni cha tajiri. Hesabu ikishatimia, kuanzia hapo ndiyo yake. Siku nyingine haitimii. Mimi leo ni deiwaka, konda wa gari hili kaenda msibani, mpaka sasa sijaona hata jero yangu."

Sijui kama unaelewa uzuri wa hiyo kitu. Wabunifu wengi wanampa mchezaji fungu asubuhi, analitumia mpaka linaisha. Huyu anaanza chini ya sifuri! Analipa kwanza kwa kuwapa wenzake dadu za hamasa, akishafunga hesabu ndiyo anafunguka. Nimesoma matawi ya vitabuni hayo, sijaona la kuanza siku na deni, na nusu ya watu ninaowajua ndivyo wanavyoanza.

Nilikuwa bado naandika neno "tajiri" dereva aliposema kitu bila kugeuka, na konda akapaza sauti ya chini, kama hilo linawezekana: "Inama, inama, inama!"

Watu wote waliosimama wakachuchumaa. Mzee wa suti akachuchumaa. Mama akakumbatia ndoo. Mimi nilikuwa nimekaa kihalali kabisa na nikainama pia, uso kwenye dagaa. Nje konda akaitika kwa sauti ya mtoto wa madrasa, "Shikamoo afande." Kimya. Nilihesabu pumzi zangu kumi na moja. Mtu akapiga chafya, mwenzake akamziba mdomo kwa kofia. Halafu bodi, pa pa, tukaondoka, magoti yakalia gari zima.

Konda akaingiza kichwa dirishani. "Hiyo umeiandika?"

Imeandikwa. Ngazi ya 14, inaitwa Inama. Rafiki zako wote waliomo ndani ya futi 30 wanatoweka machoni pa adui, ilimradi hakuna anayepiga chafya.

Ni katika kuiandika ndipo Bima, kituo changu, ilipopita. Nilisema "Shusha Bima!" tukiwa tumeshaiacha kituo kizima, na konda akaniambia, kwa upole wa mtu aliyenifundisha, kwamba nyuma kuna nafasi. Nikashuka Segerea mwisho, gari likageuza na kuondoka. Nimefika kwenye nguzo ya taa ndiyo nakumbuka elfu tano. Kwa hiyo nimetoka Segerea mpaka Bima kwa miguu, na viatu vyenyewe ni vile.

Nyumbani dadu ya pande 8 haipo. Mtoto anasema hajaila. Anasema hivyo bila kuulizwa, jambo linalonipa wasiwasi. Sasa ukiikosa ya pande 8 dawa ipo: unatupa ya pande 4 pamoja na sarafu, ikilala kichwa jumlisha nne, ikilala upande wa pili acha kama ilivyo. Hesabu inakaa sawasawa kabisa, moja mpaka nane. Nimekaa mezani na ya pande 4 mkononi, nimepekua suruali zote mbili, nimepekua pochi ya mama watoto na nimekamatwa nikipekua, sarafu hakuna. Sarafu zangu zote ziko kwa konda.