Kupasua Mbao Nyumbani kwa Msumeno wa Mnyororo: Hesabu Iko Kwenye Unene

Mti mkubwa ukishaangushwa karibu na nyumba, swali la kwanza huwa kuni au mbao. Wanaotetea msumeno wa mnyororo wanasema mbao ziko pale pale chini, zinangoja fremu ya chuma ya kuuongoza msumeno na jasho tu. Wanaopinga, wengi wao wakiwa watu wa mashine kubwa, wanasema huko ni kuharibu mti mzuri, kuua injini na kuishia na mbao zilizopinda. Kila upande una ushahidi wake. Ila pande zote mbili husahau kuuliza mbao inayotakiwa ina unene gani, na kwa maoni yangu hapo ndipo hukumu ilipo.

Mnyororo wa kawaida huacha mkato wa takriban milimita 9. Msumeno wa utepe, yaani ile mashine kubwa inayokata kwa ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, huacha kama milimita 2. Chukua gogo lililokwisha kupunguzwa pande, lenye kimo na upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 3. Ukilipasua kuwa mbao za milimita 25, msumeno wa mnyororo utatoa mbao 9 na msumeno wa utepe 11. Kila mkato wa mnyororo katika gogo hilo hugeuza lita 8 za mti kuwa unga, na mikato 8 inayohitajika humeza asilimia 24 ya gogo. Hapo wapinzani wako sahihi kabisa. Lakini pasua gogo lilelile kwa unene wa milimita 50: mikato inabaki 4 na unga unashuka hadi asilimia 12. Kwa milimita 75 ni mikato 3, asilimia 9. Petroli, muda na uchovu hupungua pamoja na idadi ya mikato. Kwa hiyo anayetaka mbao nyembamba za dari au za kabati anachagua kazi ambayo chombo hiki huifanya vibaya kuliko zote, na anayetaka boriti, nguzo, ngazi au meza ya ubao mmoja mpana anachagua ile kinayoifanya vizuri.

Upande wa utetezi una hoja moja ambayo watu wa mashine huipita haraka mno, nayo ni uzito. Gogo la kipenyo cha sentimita 45 na urefu wa mita 3 lina karibu nusu mita ya ujazo, na likiwa bichi linaweza kukaribia kilo 500. Halitoki bondeni au nyuma ya nyumba bila winchi, trekta au watu wengi. Likipasuliwa pale lilipoangukia, ubao wa sentimita 5 kwa 30 unakuwa na kilo 45 hivi, mzigo wa watu wawili. Mti ambao gari haliufikii hauna kiwanda cha kulinganisha nacho. Ushindani wake ni kuni.

Kuhusu ubora wa mkato, lawama nyingi zinazopewa msumeno ni za mkato wa kwanza. Fremu hufungwa kwenye baa, yaani lile bamba linalozungukwa na mnyororo, na nguzo zake mbili hupandishwa au kushushwa kuweka unene. Inateleza juu ya gogo, hivyo mkato unanakili uso ambao fremu inapita juu yake. Gogo lenye gome halina uso ulionyooka. Ndiyo sababu mkato wa kwanza unahitaji reli: ngazi ya alumini isiyopinda, au mbao mbili ngumu zilizounganishwa sambamba na kukazwa juu ya gogo kwa skrubu. Reli itokeze sentimita 20 kila ncha, ili fremu iwe imelala sawasawa kabla mnyororo haujagusa mti na iendelee kulala hivyo hadi umalize kutoka. Reli fupi ndiyo inayoleta ule ubao mnene katikati na mwembamba nchani. Weka pimamaji ya kukingama kwenye ncha moja ya reli, kisha kwenye ncha nyingine. Zikitofautiana, sukumia vipande vyembamba vya mti chini ya reli mpaka zilingane, kwa kuwa msokoto ulioingia hapo utarithiwa na kila ubao utakaofuata. Hakikisha pia kwamba ncha za skrubu haziufikii mstari wa mkato.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi kuielewa ingawa si nyepesi kuifanya. Inua ncha ya kuanzia sentimita 15 au 20 ili uzito wa msumeno uusogeze wenyewe kuteremka. Mkato ukifika nusu mita, gonga kabari za plastiki au za mti nyuma ya baa, kisha endelea kuzigonga kila baada ya hatua moja. Bila kabari ubao wa juu hukalia baa na kuibana. Kabari ya chuma isikaribie mnyororo.

Mnyororo wenyewe lazima uwe wa kupasulia. Meno ya mnyororo wa kukatia magogo hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 35, ya mnyororo wa kupasulia nyuzi 10 au chini yake. Pembe hiyo ndogo hulifanya jino lisivute upande, na uso wa ubao hutoka laini zaidi. Mnyororo wa kawaida unapasua pia, ila unaacha mifereji ambayo randa italazimika kuila, na kila milimita inayoliwa na randa ni ya kuongeza kwenye zile 9. Noa kila tangi la petroli linapokwisha, mara nyingi zaidi kwa mti mgumu. Ukiona unga laini kama wa ngano badala ya vipande vinene, au ukijikuta unasukuma kwa kifua, simama unoe. Meno ya upande mmoja yakiwa butu kuliko ya upande mwingine, baa hupanda au kuzama ndani ya gogo na ubao unatoka na tumbo. Mchanga kwenye gome ndio adui mkubwa wa makali, basi bandua gome kwenye njia ya mnyororo. Miti ya karibu na nyumba huwa na misumari na nyaya za zamani zilizomezwa na shina. Doa la bluu iliyokolea au jeusi kwenye ncha ya gogo ni dalili ya chuma ndani.

Je, injini inakufa? Ndogo, ndiyo. Kupasua ni kushika resi mwisho kwa dakika kadhaa mfululizo, jambo ambalo kukata kuni halidai kamwe. Kwa upana wa sentimita 40 hadi 50 injini ya sentimita za ujazo 60 ndiyo ya chini ninayoweza kuitetea. Zaidi ya hapo tafuta 80 au 90. Kumbuka kwamba fremu hula sentimita 10 hadi 15 za urefu wa baa. Kabureta irekebishwe ili mchanganyiko uwe na petroli zaidi kidogo kuliko wa kukatia, maana mchanganyiko mkavu chini ya mzigo mrefu hupasha pistoni moto hadi ikakwaruza silinda. Ukimaliza mkato, acha injini izunguke polepole dakika moja kabla ya kuizima, na safisha chujio la hewa mara kwa mara. Msumeno ulioazimwa kwa jirani usipelekwe kwenye kazi hii.

Mwili nao unalipa. Sauti inazidi desibeli 100, mtetemo mrefu huumiza mishipa na neva za vidole, na mpasuaji huinama karibu na bomba la moshi muda wote. Fremu hufunika sehemu ya baa na kupunguza hatari ya msumeno kuruka nyuma ghafla kumwelekea mpasuaji, lakini haizuii mnyororo kukatika. Vikinga masikio, miwani, buti na suruali ya kinga si vya hiari. Kati ya kuta mbili ambako hewa haipiti, moshi wa injini hujaa haraka. Kazi hiyo isifanyiwe hapo.

Hata hivyo naamini hoja nzito zaidi dhidi ya kupasua nyumbani haihusu msumeno hata kidogo. Inahusu kukausha. Mbao nyingi za nyumbani zilizoharibika zilipasuliwa vizuri zikawekwa vibaya. Paka rangi au nta kwenye ncha za gogo siku ileile ya kulikata, kwa kuwa unyevu hutoka nchani haraka kuliko ubavuni na hapo ndipo nyufa huanzia. Panga mbao angalau sentimita 30 juu ya ardhi, chini ya paa, upepo upite lakini jua lisipige. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa milimita 20 hadi 25, kila baada ya sentimita 50, kimoja juu kabisa ya mwenzake kuanzia chini hadi juu. Kikihama mstari, ubao unapinda mahali hapo. Juu weka mawe au matofali. Kanuni ya makadirio ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Hapa unene uliotusaidia kwenye unga unatugeuka, kwani ubao wa milimita 75 unaweza kudai miaka 3 kabla ya kuwa meza ya ndani. Boriti na nguzo za nje ndizo zinazoweza kutumika zikiwa bado na unyevu.

Mti husinyaa takriban mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea katikati, na ubao wenye moyo wa mti ndani yake hupasuka karibu bila shaka. Elekeza mkato ili moyo ubaki kwenye kipande kimoja cha kutupa, na ongeza asilimia 10 kwenye unene kwa ajili ya kusinyaa na kuranda. Tanuri la kiwandani huua bungua, wadudu wanaotoboa mbao, kwa joto. Hewa ya kivuli haiwaui. Mbao nyeupe ya pembeni yenye wanga ndiyo wanayoipenda, hivyo ipakwe dawa ya boraksi ingali mbichi au iondolewe.

Jambo jingine linalowapa wapinzani haki: mbao hizi hazijapimwa daraja la nguvu. Kwa rafu, uzio, meza na banda si tatizo. Kwa kenchi za paa la nyumba ya kuishi, fundi asiyejua kusoma vifundo na mwelekeo wa nyuzi asizitumie, na pale sheria inapodai mbao zenye daraja, hazifai. Kibali cha kuangusha na kusafirisha nacho kiulizwe kabla, si baada.

Ipo njia ya tatu ambayo pande zote mbili huitaja mara chache. Tumia msumeno kulipunguza gogo pande nne tu, au kulipasua katikati, pale pale lilipoangukia. Mabanzi na moyo wenye nyufa unaviacha huko, uzito unashuka, na kipande kilichobaki kinabebeka hadi kwenye mashine ya utepe kupasuliwa mbao nyembamba. Pasua boriti unazozihitaji kwa fremu, na hizo za milimita 25 mpelekee mwenye mashine.