Traka inaona gari ikisimama tu?

Jana jioni hapo Miritini, Mombasa, nilikuwa nakunywa kahawa chungu, kando yangu imesimama trela ya kontena, dereva ni kijana mdogo amelalia usukani. Simu ikalia akaweka spika. "Mbona gari haijasonga dakika arobaini? Traka inaonyesha!" Hata salamu hakuna, ni traka tu, kile kifaa kinachoonyesha ofisi gari iko wapi. Kijana akajibu nasonga sasa hivi bosi. Wallahi kahawa ilinishinda.

Mimi nimeendesha trela miaka 22, nimeacha kwa ajili ya mgongo. Nilianza utanboi, yaani msaidizi wa dereva, nagonga tairi kwa chuma nasikiliza, yenye upepo inalia, iliyopungua inatoa sauti ya gunia. Loki za kontena nikifunga, dereva wangu anazipitia tena moja moja kwa mkono wake. Siku hizi gari ni otomatiki na kijana leseni yake ya CE, ile ya trela, ameipata kihalali, lakini hakuna aliyemkalisha akamfunza hivyo, tanboi wenyewe wanaondolewa kupunguza gharama.

Lakini kinachoniuma zaidi ni masaa. Tangu 2012 sheria ya trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asipitishe masaa 8 ya kuendesha ndani ya masaa 24. Haya piga hesabu na mimi. Mombasa Nairobi ni kama kilomita 480, mwisho wa spidi ya lori ni 80, hata ungeenda 80 bila kugusa breki ni masaa 6, na nani ameshawahi, kuna mizani ya kupima malori Mariakani, kuna vilima, kuna foleni, masaa 8 yanaisha hata Mlolongo, pale karibu na Nairobi, hujaiona. Na wengine safari yao ni Malaba, mpakani na Uganda. Ofisi inajua yote hayo maana traka inaandika kila dakika, gari ikisimama wanapiga simu, ikienda masaa 14 hapigi mtu! Ajali ikitokea anayefungwa pingu ni dereva. Mimi nataka askari akifika pale aombe rekodi ya traka pamoja na leseni, na aliyekuwa akipiga simu naye asimame kizimbani.

Sawa, wapo wanaochezea gavana, kile kidhibiti mwendo, na wanaotafuna mogoka, majani ya kuondoa usingizi, usiku kucha, hao siwatetei. Ila waulizeni pia nani amewakataza kulala.

Nikamwendea yule kijana, mwanangu umelala lini? Akanambia mzee, nimetoka Nairobi jana usiku, nimeshusha, nimepakia, ndo narudi. Sasa utalala wapi? Nikifika Mtito Andei ntaangalia.

Nikaokota chuma nikamgongea tairi za nyuma. Moja ya ndani, upande wa kulia, ikatoa sauti ya gunia. Tukaibadilisha pamoja, simu ikalia mara mbili, akaiacha ilie.